Dawa ya Dada Jirani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cheche alifagia saluni ya mama yake. Alizoa nywele zilizoanguka jana yake kwa kipande cha boksi, akasuuza taulo na kuzianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, akajaza ndoo mbili za maji, kisha akapanga rola kwenye trei. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini mtaani alijulikana kwa jina la Cheche, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka. Ukimkosea alikununia, na akikununia alikuwekea kinyongo mpaka mwenyewe usahau ulimkosea nini.

Waliishi wawili tu, yeye na mama. Kaka yake mkubwa, fundi wa majokofu, alikuwa amepata kazi katika nchi jirani na alipiga simu kila Jumapili.

Mwaka ule saluni nyingine ilifunguliwa upande wa pili wa barabara. Mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, aliyetoka nchi ileile ya jirani. Watu walimwita Dada Jirani, naye akalipokea jina hilo kwa kicheko. Alikuwa na kioo kipana kilichoenea ukuta mzima, viti vya kuzunguka, na dawa ya kunyoosha nywele iliyotengenezwa kwao. Wateja waliisifia kwamba haiwashi kichwani. Wakaanza kuvuka barabara, mmoja mmoja kwanza, kisha kwa makundi. Hata mwalimu mkuu, ambaye mama yake Cheche alikuwa akimsuka tangu alipokuwa mwalimu mpya, alivuka.

Alasiri moja Cheche alirudi kutoka shule akamkuta mama ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, akitazama ng'ambo. Hakuwa analia. Kama angekuwa analia, labda Cheche angepata la kusema. Alisimama mlangoni na begi lake mgongoni, na pale pale akaapa moyoni kwamba yule mwanamke atakiona cha mtema kuni.

Nafasi ya kwanza ilikuja na bwana afya, ofisa wa manispaa aliyekagua saluni na mikahawa ya mtaa huo. Alipokuja kutazama usafi wa taulo zao, Cheche alimuuliza inakuwaje mgeni afungue duka haraka hivyo, tena auze dawa ambazo hazijapimwa hapa nchini. Bwana afya hakumpuuza. Alimweleza kwamba nchi yao imeungana na nchi kadhaa za jirani, na sheria inazipa nchi hizo nafasi ambayo wageni wengine hawaipati. Mtu wa huko anaruhusiwa kufungua biashara ndogo kama mwenyeji. Dawa iliyopimwa huko na kupigwa nembo haipimwi tena hapa.

"Na sisi tunatendewa hivyo hivyo kule," alimalizia.

Maneno hayo ya mwisho yaliingia sikio moja yakatokea la pili. Cheche alichosikia ni kwamba serikali yenyewe imemfungulia mlango adui yake.

Siku chache baadaye Dada Jirani alikuja kuazima mashine ya kukaushia nywele, kwa maana ya kwake ilikuwa imeungua. Mama akampa bila kinyongo. Alipokuwa akitoka alimtazama Cheche kichwani, akacheka. "Mtoto wa msusi na nywele zimesimama kama zimeona polisi," alisema. "Njoo siku moja nikutie dawa, mdogo wangu. Bure kabisa."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kusukwa walivunjika mbavu. Mama naye alitabasamu. Kwa Dada Jirani yalikuwa maneno ya utani tu, na alishayasahau kabla hajamaliza kuvuka barabara. Cheche hakuyasahau. Aliyatafuna shuleni, aliyatafuna wakati wa kula, na kila alipojitazama kwenye kioo aliyasikia upya.

Jumamosi, mama alipokwenda sokoni, Cheche alichukua kopo la dawa ya saluni yao wenyewe, ile kali ambayo mama aliwatilia watu wazima wenye nywele ngumu na kuiosha upesi. Alitaka nywele zake zilale kabla ya Jumatatu, ili Dada Jirani azione na akose la kusema. Alijipaka kichwa kizima. Ilipoanza kuwasha, alikaza meno. Alidhani kadiri inavyokaa ndivyo zitakavyonyooka zaidi. Alipokimbilia ndoo ya maji, ngozi ya nyuma ya sikio ilikuwa imeshachubuka, na nywele zilitoka na povu.

Mama aliporudi alikuta binti yake amejifunga kitambaa. Alikifungua, akashika mdomo. Aliuliza ni nani aliyemtia dawa. Cheche alifungua kinywa ili aseme kweli, na kweli hiyo ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Ndipo alipoona, kupitia dirisha, mwalimu mkuu akitoka ng'ambo na nywele zake zinang'aa.

"Ni Dada Jirani," alisema. "Aliniita nilipokuwa napita. Akasema ananijaribia bure."

Uongo huo ulikuwa na miguu ya kusimamia, maana wanawake wawili walikuwa wamesikia kwa masikio yao Dada Jirani akimwahidi. Mama, aliyekuwa amemeza mengi kimya kimya tangu saluni ile ifunguliwe, sasa aliyatapika yote. Alivuka barabara na kufoka mbele ya wateja. Dada Jirani aliapa kwamba hajamgusa mtoto. Wanawake wale wawili wakaitwa, wakasema walisikia akimwalika. Kufika jioni bwana afya alikuwa amekuja, amechukua kopo la dawa na kufunga mlango kwa kufuli la manispaa.

Cheche alitazama yote hayo akiwa dirishani. Kidonda kilimuuma kama kaa la moto, lakini utamu wa kuliona lile kufuli ulikuwa mkubwa kuliko maumivu. Dada Jirani alibaki amesimama nje ya duka lake mwenyewe, hajui pa kuweka mikono. Nawe sasa kaa ukiangalia, Cheche alisema kimoyomoyo. Jumatatu alisimulia darasani, kisha dukani, kisha kwenye bomba la maji, na kila aliposimulia aliongeza jambo: mara alikuwa ameshikwa kwa nguvu, mara dawa ilikuwa inatoa moshi. Wasichana wa darasa lake waliosikia walikwenda kuwaonya mama zao.

Mama alimpeleka zahanati. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliuliza ni dawa gani iliyomuunguza. Cheche akarudia yaleyale. Bwana afya alikuwa ameshampelekea kopo, naye aliligeuza mkononi akasoma yaliyoandikwa. Alisema dawa hii ni laini, si ya kuchubua mtu namna hii, basi huenda ngozi ya mtoto huyu inaikataa tu. Akampa marhamu ya kutuliza mzio. Angejua ni dawa kali, angesafisha na kutibu kidonda cha kuungua.

Wiki ilipoisha kidonda kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Matezi ya shingo yalivimba, homa ikapanda. Cheche hakuweza kulaza kichwa upande wowote. Mama alifunga saluni ili amuuguze, na wateja waliorudi walikuta mlango umefungwa pande zote mbili za barabara. Hata hivyo, kila mama alipomtajia Dada Jirani, Cheche alijisikia bado hajashiba. Alitaka afukuzwe mtaani. Alitaka amwone akipakia vile viti vyake vya kuzunguka.

Walirudi zahanati. Safari hii daktari alikitazama kidonda kwa muda mrefu, akamwomba mama asubiri nje. Akavuta kigoda, akaketi karibu.

"Mwanangu, hiki ni kidonda cha kuungua," alisema. "Nimekutibu kwa kukuamini. Nikiendelea kutibu uongo, usaha huu utaingia kwenye damu. Niambie ulipaka nini."

Daktari hakupaza sauti. Alimweleza kwamba bwana afya ameshatoa taarifa makao makuu, na kwamba huenda dawa ile ikazuiwa mpakani, pamoja na nyingine zenye nembo kama yake. Alisema Dada Jirani amekuja hapo mara mbili, si kujitetea, bali kuuliza kama mtoto anapata nafuu.

Lile la mwisho ndilo lililomvunja Cheche. Alikuwa amejiandaa kupigana na adui, na adui alikuwa akimuulizia hali. Alisema yote, akianzia kwenye kopo la mama yake na kuishia kwenye moshi aliouzusha bombani. Mama aliitwa ndani akasikia. Hakumpiga wala hakumkemea. Aligeuza uso ukutani, na mabega yake yakatikisika.

Daktari alisema nywele zote lazima zinyolewe ili kidonda kisafishwe vizuri. Kabla mama hajajibu, sauti ilisikika mlangoni. Dada Jirani alikuwa amefika tena kuuliza hali ya mgonjwa, na mlango ulikuwa wazi.

"Nitamnyoa mimi," alisema.

Alikwenda kuchukua mashine yake ya kunyolea, akarudi. Cheche alipoisikia ikinguruma nyuma ya shingo yake, aliinua macho. Alimwona kwenye kioo kidogo cha ukutani: uso uliokuwa ukicheka daima sasa ulikuwa mkavu kama ubao. Alijua kwamba kama angekuwa yeye ndiye ameshika mashine ile, asingeongoza mkono polepole. Lakini mkono wa Dada Jirani ulikwenda polepole, ukizunguka kidonda bila kukigusa.

Alipomaliza alizima mashine, akapangusa shingo ya Cheche kwa taulo.

"Usidhani sina hasira," alisema. "Tangu wanifungie nimewaza namna ya kukukomesha. Nilitaka upate kipara mbele ya shule nzima. Sasa kipara umekipata, na sijisikii vizuri hata kidogo. Kwa hiyo nataka kitu kingine. Kila mtu uliyemwambia uongo, umfuate umwambie kweli. Usifunge kitambaa isipokuwa bandeji ya daktari. Nami nitakuwa nyuma yako nikisikiliza."

Cheche alitazama sakafu. Aliomba radhi. Dada Jirani alisema radhi hiyo ataipokea baada ya kazi kwisha, si kabla.

Homa iliposhuka, kazi ilianza. Walikwenda bombani, walikwenda dukani, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu walisimama mbele ya darasa. Watoto walicheka kichwa cha Cheche, kisha wakaacha kucheka waliposikia alichokuwa anasema. Mwenye duka alimwambia hatamwamini tena hata akisema jua limechomoza. Kila mahali Dada Jirani alisimama nyuma, mikono kifuani. Pale Cheche alipokuwa amezusha moshi alimkumbusha aseme kwamba hapakuwa na moshi. Walipotoka nyumba ya mwisho, Dada Jirani alisema, "Sasa nimeipokea," akaenda zake.

Siku ya kufungua saluni bwana afya alikuja na ufunguo. Taarifa yake ya makao makuu alikuwa ameshaifuta, na alikuwa amekemewa kwa kukurupuka. Mama alikuwepo, akiwa na ndoo ya maji na vitambaa, kwa maana kioo kipana kilikuwa kimejaa vumbi. Wasusi hao wawili walikuwa tayari wameshazungumza yao. Mama alimwomba radhi mbele ya mtaa, kama alivyomfokea mbele ya mtaa, kisha wakakubaliana kugawana kazi: mama abaki na kusuka, ambako hakuwa na mpinzani, na Dada Jirani ashike dawa.

Bwana afya alimwita Cheche kwenye baraza la Dada Jirani.

"Ulikasirika kwa sababu sheria inampa huyu nafasi kama mwenyeji," alisema. "Sasa sikiliza ile nusu niliyokwambia ukaiacha. Kaka yako anatengeneza majokofu kule bila kuulizwa kibali, kwa sheria hiyohiyo. Cheti chake kilitoka hapa, na wao wakakiamini bila kumpa mtihani mwingine. Nchi hizi hazina askari wa kusimama nyuma ya kila kopo na kila cheti. Sheria yote imekaa juu ya neno la mtu: wakisema wamepima, tunaamini wamepima. Nawe ulitaka kumkomesha mwanamke mmoja, ukachukua uongo ukaupiga mahali palepale sheria inaposimama. Na uongo huohuo ukakuozesha ngozi, kwa kuwa hata daktari anatibu kwa neno la mgonjwa. Hasira utakuwa nayo tena, wewe ni Cheche. Ukiwa nayo, sema umekasirika. Usiseme uongo."

Cheche aliitikia kwa kichwa. Ng'ambo, mwalimu mkuu alikuwa amefika kwenye saluni yao kusukwa, akimsubiri mama. Cheche alivuka barabara, kichwa wazi, akamwamkia, akampa kiti.