Uzito wa Mchuzi

Fundi wa kuchomelea alihamia mtaa mpya na mashine moja, mke mmoja, na mtoto mmoja mwenye njaa isiyokwisha. Mke alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nguo. Akitoka asubuhi, harudi mpaka jioni. Kwa hiyo kupika na kulea kukamwangukia fundi. Hakulalamika, ila kichwa kilimvurugika.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka mitano. Walimwita Kijiko, kwa sababu hakuna sahani ya jirani ambayo hakuionja. Tabia hiyo ilimnyima baba yake raha. Mwili wa Kijiko ulikataa karanga. Mwaka uliopita alitafuna punje chache tu, midomo ikavimba na pumzi ikakwama. Tangu hapo agizo la mama yake lilikuwa moja: "Kabla hajala chochote, uliza."

Lakini kuuliza nako kulikuwa na kazi yake. Siku ya kwanza sokoni, fundi aliomba dania.

"Dania sina," akasema muuzaji. "Chukua kotimiri."

"Sitaki kotimiri. Nataka dania."

"Basi jaribu kule mbele."

Kule mbele akaambiwa kuna giligilani. Akapita. Akauliza viazi, akaulizwa kama anataka mbatata. Dukani aliona kopo limeandikwa "hiliki". Kwao huandika "iliki", basi akahofia ni kitu kingine, akaliacha. Alirudi nyumbani na chumvi na jasho.

Jirani yake alikuwa mpishi aliyeuza chakula kwenye kibanda cha mabati. Watu walimwita Mama Sufuria. Aliposikia habari hizo, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Kijiko, umelikimbia soko zima! Dania, kotimiri, giligilani, majani ni yaleyale. Ungeyanusa tu, ungejua."

Fundi naye akacheka, kwa aibu. Moyoni hofu ilimwingia. Kama majani tu yana majina matatu, karanga je? Akakumbuka kuwa kwao wengi huziita njugu. Akaamua kwamba tangu siku hiyo atataja kila jina analolijua.

Mchana mmoja Kijiko alikaa kwenye benchi la Mama Sufuria, macho yote kwenye mchuzi wa mchicha.

"Mama, una karanga?" fundi akauliza.

"Karanga sina."

"Njugu je?"

"Njugu mimi sipiki. Huu ni mchicha, nyanya, kitunguu na chumvi. Mwache mtoto ale, bwana!"

Fundi akaridhika, akarudi kwenye kazi yake. Hata bawaba moja hakumaliza kuichomelea. Alisikia anaitwa kwa kelele. Alipofika, Kijiko alikuwa anajikuna shingo, midomo imetuna.

"Baba, koo linawasha," alisema kwa sauti nyembamba.

"Mpe maziwa!" mteja mmoja akapiga kelele.

"Mpake mafuta!" akasema mwingine.

Fundi hakumsikiliza yeyote. Alimbeba Kijiko, akasimamisha pikipiki, wakaenda mbio mpaka zahanati. Muuguzi alimtazama mtoto mara moja tu, akamchoma sindano pajani. Fundi alisimama pembeni, glavu za kazi bado mikononi, analia.

"Niliuliza, dada. Niliuliza kwa majina yote!"

Taratibu pumzi ya Kijiko ikafunguka. Muuguzi akasema watabaki hapo wamwangalie, kwa maana uvimbe unaweza kurudi. Mara Mama Sufuria akaingia anahema, upawa bado mkononi.

"Jamani, nimemlisha nini mtoto wa watu?"

"Tulia, mama," muuguzi akasema. "Hebu nieleze unavyopika, tangu unapobandika sufuria."

"Nakaanga kitunguu. Natia nyanya. Natia mchicha. Halafu nautia mchuzi uzito, naepua."

"Uzito upi?"

"Si ule uliosagwa? Naununua mashineni, kwa ndoo."

"Ni nini kilichosagwa?"

Mama Sufuria akautazama upawa wake.

"Karanga," akasema polepole. "Lakini ile si kiungo, mwanangu. Ile ni uzito tu!"

Akakaa sakafuni, akalia. Fundi hakujua amkasirikie nani.

"Si nilikuuliza kama una karanga?"

"Nilidhani unataka kununua za kutafuna, baba Kijiko. Nisamehe."

Muuguzi akavuta kiti.

"Hapa hakuna aliyedanganya," alisema. "Majina hubadilika mtaa kwa mtaa. Na kitu kikishasagwa, hata mpishi mwenyewe hukisahau. Kwa hiyo, baba, usiulize jina peke yake. Onyesha kitu chenyewe, kizima na kilichosagwa, ndani ya chupa zilizofungwa vizuri. Kisha sema kwa nini unauliza. Ulimwambia mama huyu kwamba karanga zinaweza kumuua mtoto wako?"

Fundi akainamisha kichwa. Hakuwa amemwambia. Alikuwa mgeni mtaani, aliona haya kumsumbua jirani.

"Aibu hiyo iache leo," muuguzi akasema. "Na mwiko ulioingia kwenye karanga usiguse chakula chake. Siku akivimba tena, mlete hapohapo, kama ulivyofanya leo. Maziwa hayatamsaidia."

Tangu siku hiyo Mama Sufuria alitenga sufuria ndogo ya Kijiko. Mchuzi wake aliutia uzito kwa unga wa mahindi. Fundi akamtengenezea upawa wenye pete kwenye mpini, wa sufuria hiyo peke yake. Kila mteja mpya mwenye mtoto aliulizwa, "Huyu mwili wake unakataa nini?" Mama Sufuria ndiye pia aliyejaza chupa mbili ndogo, moja karanga nzima, nyingine zilizosagwa, akaziosha kwa nje kwa sabuni. Fundi akaziba vifuniko kwa gundi. Kila alipotoka na Kijiko, chupa zilikuwa mfukoni.

Siku moja sokoni walipita kwa mama muuza uji. Uji ulinukia vizuri. Kabla fundi hajasema neno, Kijiko alichomoa chupa mfukoni mwa baba yake, akaziinua juu.

"Shangazi, mwili wangu unazikataa hizi. Zimo kwenye uji?"

Muuza uji akaziangalia, akazigeuzageuza.

"Zimo, mwanangu. Nimezisaga pamoja na mahindi."

Kijiko, ambaye hakuwahi kukataa sahani ya mtu, akakisukuma mbali kikombe cha uji kwa mikono miwili. Fundi akampapasa kichwa kwa furaha.

"Kwani nyinyi kwenu mnaziitaje hizi?" muuza uji akauliza.

Fundi akafungua mdomo ayataje majina yote. Kijiko akamtangulia.

"Zinaitwa sili."