Aliyemnyonyesha Muthama

Chupa zilirudi zimejaa.

Kila asubuhi, kabla ya kufunga mkoba wake, Kasiva alikamua maziwa akajaza chupa mbili, akazibeba pamoja na mtoto hadi mlango wa tatu, kwa Mama Khavere. Na kila jioni alirudishiwa chupa zile zile, maziwa yameganda juu, hayajaguswa. Siku ya kwanza alidhani ni meno. Muthama alikuwa na miezi kumi na moja, meno manne yameshatoka na mengine yako njiani, na mtoto anayeota meno hususia chakula. Wiki ya tatu Kasiva akampeleka kliniki kupimwa, roho mkononi, akijiandaa kugombezwa.

"Mama, unamlisha nini huyu?" nesi akauliza akicheka. "Kilo moja na nusu kwa mwezi mmoja!"

Kasiva hakucheka. Nyumbani mtoto alikuwa hali chochote. Titi lake mwenyewe alikuwa amelikataa. Akilisogezewa, alifumba mdomo na kugeuza uso ukutani, kama mtu aliyeshiba kwingine.

Waliishi mtaa wa Mbotela, kwenye zile nyumba za zamani za kaunti zilizopangana mistari kwa mistari. Kasiva alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro, Industrial Area. Alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akavuka reli kwa miguu, akarudi jioni miguu imevimba. Mumewe, Mutisya, alikuwa dereva wa trela, na mwezi huo alikuwa kwenye barabara ya Juba, simu yake ikishika siku moja na kupotea tatu. Kwa hiyo mtoto alilelewa na Mama Khavere, mjane wa mfanyakazi wa reli, mwanamke wa miaka sitini na moja, msafi, mcha Mungu, ambaye watoto wake walishatawanyika. Hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia akimfokea mtoto.

Jioni ile ya kliniki, Kasiva alimwinua Muthama akamnusa mdomo. Ulinuka maziwa. Si ya chupa wala ya pakiti. Maziwa mabichi ya mama, ya vuguvugu, na ndani yake harufu ya udi, kama nguo iliyofukizwa.

Akarudi mlango wa tatu.

"Mama Khavere, kuna mtu anakuja hapa mchana?"

"Nani aje?" Mama Khavere alikuwa akipangusa meza ambayo ilishapanguswa. "Anakunywa uji kidogo. Watoto ni hivyo."

"Mdomo wake unanuka maziwa ya mtu."

Mama Khavere akazidi kupangusa. "Umechoka, Mama Muthama. Enda ulale."

Jumamosi iliyofuata stima zilipotea kiwandani, mashine zikasimama, wafanyakazi wakaachiliwa mapema. Kasiva aliingia Mbotela saa sita ikiwa imepita kidogo, jua limesimama utosini na vivuli vimejificha chini ya kuta. Hakukuwa na mtu bombani. Mlango wa Mama Khavere ulikuwa wazi kidogo, na redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa sauti ya chini.

Mama Khavere alikuwa kwenye kiti chake, kikombe cha uji mkononi, kidevu kifuani. Uji ulikuwa umemmwagikia mapajani na nzi walitembea juu yake, naye hana habari. Kasiva akamtikisa bega. Akamtikisa tena. Mkono wa yule mama ulikuwa mzito kama gunia.

Hapo ndipo aliposikia, kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, sauti ambayo kila mama huijua hata akiwa usingizini: gluku, gluku, gluku, kisha pumzi, kisha gluku tena. Mtoto ananyonya.

Akasogeza pazia kwa kidole kimoja.

Muthama alilala ubavu kitandani, peke yake, uso kuelekea mahali patupu. Midomo yake ilikuwa imetangulia mbele, taya zikienda, na kiganja chake kidogo kilipapasa kitu hewani taratibu, kama watoto wanavyopapasa kifua wakinyonya. Maziwa yalimchuruzika pembeni mwa mdomo hadi sikioni. Na godoro, ambalo Kasiva alilijua vizuri kwa kuwa magodoro ndiyo kazi yake, lilikuwa limebonyea kando ya mtoto, urefu wa mtu mzima: hapa bega, hapa nyonga, hapa goti lililokunjwa. Kulikuwa na mvumo mdogo chumbani, wa mwanamke anayebembeleza bila kufungua kinywa.

Kasiva alipiga kelele. Mvumo ukakatika. Godoro likainuka polepole, bega kwanza, kisha nyonga, likarudi lilivyokuwa. Upepo wenye harufu ya udi ukampita shavuni. Muthama akafumbua macho, akamwona mama yake, akalia kama mtoto aliyeshikwa na mgeni.

Mama Khavere alipoamka alimkuta Kasiva amesimama mbele yake, mtoto kiunoni.

"Umeona," Mama Khavere akanong'ona. Hakuuliza.

"Kwa hiyo ulijua."

"Najua tu kwamba ikifika saa sita usingizi unanibeba, na nikiamka ameshiba." Akaanza kulia. "Mwezi jana alilia kutoka saa tatu. Nilimbeba, nikamwimbia, nikampa dawa ya tumbo. Saa sita ikafika bado analia. Mgongo uliniuma, kichwa kinapasuka. Nikasema... Mungu anisamehe, nikasema, 'Yeyote aliye humu na anisikie, njoo umnyonyeshe huyu anyamaze.' Nilisema tu, mwanangu. Nilikuwa nimechoka."

"Halafu?"

"Akanyamaza."

Kasiva alimtazama. "Na hukuniambia, mama? Mwezi mzima?"

"Ungemchukua. Mimi ningebaki na nani humu ndani?"

Kasiva alimkaza mtoto kiunoni, akaondoka. Jumapili akina mama wa kanisa walikuja wakaomba na kuimba mpaka majirani wakachungulia. Mutisya aliposhika mtandao alisikiliza yote, akasema, "Usimwache peke yake. Mimi niko Nimule, mpakani, nafanya haraka." Kasiva akaomba ruhusa ya wiki nzima kazini, akafunga mlango, akakaa na mtoto wake. Jumatatu saa sita ilipita kimya. Akapumua.

Jumanne alikuwa akichagua mchele mezani. Muthama alikuwa sakafuni, akicheza na sufuria. Mtoto huyu alikuwa hajasimama peke yake bado. Alikuwa akitambaa na kushika viti. Kasiva alipoinua macho alimwona amesimama katikati ya chumba, mbali na kiti, mbali na ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa juu, hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, na vidole vyake vimefumbata, kama vinavyofumbata kidole cha anayemfundisha kutembea.

Akapiga hatua. Akapiga ya pili. Hakuyumba hata kidogo. Alikuwa akitazama juu, akitabasamu kwa aliyekuwa pale juu, na wote wawili walikuwa wanaelekea mlangoni.

Kasiva aliruka, mchele ukamwagika, akamnyakua. Kwa muda wa pumzi moja alihisi mkono wa mtoto ukivutwa upande wa pili.

Alasiri hiyo hiyo ni Mama Khavere, aliyekuja kuwajulia hali, aliyewapeleka kwa Maalim Khalif, mzee mwenye duka la viungo karibu na Jogoo Road, ambaye watu wa dini zote walimwendea kimyakimya mambo yakiwashinda. Maalim alisikiliza bila kumkatiza. Alimwita Muthama, akamshika ule mkono wa kulia, akaunusa.

"Mama, hapa kuna jambo zito," alisema. "Kwetu sisi, aliyemnyonyesha mtoto ni mama yake. Hiyo ni sheria, na wao, wasioonekana, wanaijua kuliko sisi. Huyu hakuiba. Aliitwa, akaja. Sasa anangoja mtoto atembee tu. Akishatembea vizuri atamfuata mwenyewe, na wewe hutawaona wakitoka."

"Msomee. Mfukuze."

"Nitasoma. Lakini kisomo humfukuza mwizi. Mama hafukuzwi hivyo." Akamtazama kwa huruma. "Una maziwa bado?"

"Yanakauka. Hanyonyi tena."

"Basi kesho, saa sita, kwenye nyumba ile ile alimoitwa. Utamshika mtoto kifuani mpaka adhana ya alasiri. Usimwachilie. Akinyonya kwako kabla ya adhana, amerudi. Asiponyonya..." Akafunga mtungi wa karafuu. "Na huyo aliyeitwa akizungumza na wewe, mjibu kama mwanamke kwa mwanamke. Usimtusi."

Jumatano saa sita kasorobo, Kasiva alikaa kwenye kile kitanda, mgongo ukutani, blauzi imefunguliwa na Muthama amefungwa kwake kwa leso. Maalim alikaa sakafuni karibu na chetezo cha ubani, macho yamefumbwa, akisoma kwa sauti ya chini isiyokatika. Mama Khavere alikuwa kwenye kiti chake, upande wa pili wa pazia lililofungwa nusu, na kabla kengele ya shule haijalia kichwa chake kilikuwa kimeshaanguka kifuani.

Udi ukaja ukaumeza ubani. Godoro likabonyea kando ya Kasiva, bega, nyonga, goti, karibu kiasi kwamba alihisi joto, na Muthama, ambaye alikuwa ametulia, akaanza kupigana, akajipinda, akakunja mgongo kama upinde, akalia kilio ambacho Kasiva hakuwahi kukisikia kwake, kilio cha mtoto anayemwona mama yake na kuzuiwa asimfikie. Kila alipomsogezea titi aligeuza shingo, na kila alipogeuza shingo macho yake yalikwenda mahali pale pale patupu yakaomba.

Kisha Mama Khavere akasema, bado amelala, kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti changa, laini, isiyo na hasira.

"Mimi sikumwiba. Niliitwa."

Maalim hakuacha kusoma.

"Najua," Kasiva akanong'ona.

"Alilia tangu saa tatu. Nilikuwa nasikia. Wewe ulikuwa wapi?"

Swali hilo lilimpata palipokuwa na kidonda tayari, kwa sababu ndilo alilokuwa akijiuliza kila asubuhi akivuka reli, akiwa na risiti za magodoro mkobani na kilio cha mtoto bado masikioni, akitembea haraka ili asigeuke. Na sasa lilipoulizwa kwa sauti, chumba kikiwa kimejaa udi na mtoto akimchakura shingo ili aende kwa mwingine, aliona ni kweli kabisa, aliona angeweza kulegeza leso mara moja tu na kilio kikaisha, na mikono yake, bila yeye kuituma, ikaanza kulegea.

"Nilikuwa kazini," akasema. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Akaikaza tena. "Nilikuwa kazini ili ale. Asante kwa kumnyamazisha. Nasema asante kutoka moyoni. Lakini mimi naenda na narudi. Kila jioni narudi kumchukua. Nimerudi sasa. Niachie."

Adhuhuri iliyeyuka polepole, saa saba, saa nane, mgongo ukafa ganzi. Muthama alilia mpaka sauti ikawa kama karatasi inayochanwa. Ilipokaribia saa tisa na nusu, akiwa hana nguvu tena ya kugeuza shingo, mdomo wake uligusa titi, akaling'ata kwa meno yote manne. Kasiva aliuma mdomo wake mwenyewe, hakumtoa. Damu kidogo, kisha tone, kisha yale maziwa machache yaliyobaki yakashuka, na mtoto, macho yamemtoka kwa mshangao, akameza. Akameza tena. Kiganja chake kikapanda, kikampapasa kifuani.

Godoro likainuka.

Kwenye sakafu ya saruji, Kasiva aliona tone jeupe likianguka kutoka mahali patupu. Kisha lingine, mbele kidogo. Na lingine, likielekea pazia, taratibu, kama njia ya mwanamke ambaye matiti yamemjaa na hana wa kumpa. Mlangoni mwa chumba matone yalipita chini ya pazia, asiyaone tena.

Adhana ikalia. Upande wa pili Mama Khavere aliamka akaomba maji.

"Humu chumbani hayumo tena," Maalim akasema, akifuta jasho.

Siku zilizofuata Muthama alinyonya kama anayelipiza. Alianguka, akaamka, akajigonga kwenye meza, akalia, akabembelezwa na mama yake akanyamaza. Kasiva alikubaliana na binamu yake, Nzisa, wa mtaa wa Tena, amlee mtoto kuanzia Jumatatu. Hakumwambia Mama Khavere. Aliona aibu, alipanga kumwambia Jumapili baada ya ibada.

Jumapili saa tisa, sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharagwe ikichemka jikoni, mlango ukagongwa.

Mama Khavere alisimama kizingitini, amejifunga leso mbili kifuani, moja juu ya nyingine. Uso ulikuwa umekonda kwa siku nne tu.

"Karibu, mama. Nilikuwa nakuja kwako."

"Kasiva, mwanangu." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Tangu Jumatano yanatoka. Nafunga, nabadilisha, yanatoka tu. Nina miaka sitini na moja." Leso ya juu ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Nyuma ya Kasiva, Muthama alikuwa ameachilia kiti, anakuja kwa hatua zake za kuyumba, anacheka, mikono yote miwili mbele. "Nipe nimshike kidogo tu. Yananiuma."

Kasiva alimdaka mtoto akamkaza kifuani. Alimtazama yule mwanamke aliyemfulia mwanawe nepi miezi minane, na macho yaliyomtazama yalikuwa ya Mama Khavere mwenyewe, yamejaa hofu.

"Ninampigia Maalim sasa hivi," akasema. "Nisamehe, mama. Nisamehe."

Akafunga mlango, akasukuma komeo. Akapiga simu kwa mkono mmoja, akaisikiliza ikiita, ikiita, haishikwi. Nje, Mama Khavere hakugonga tena. Alisikika akijikalisha kwenye ngazi polepole, kama mtu aliyechoka. Joto lilikuwa kali alasiri ile, na watoto wachanga wa mstari wote walikuwa wamelia tangu mchana, nyumba baada ya nyumba. Kisha, nyuma ya ukuta wa jirani, ikasikika gluku, gluku, pumzi, gluku. Sasa, kuanzia nyumba ya karibu hadi ya mwisho, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kunyamaza.