Jembe Chini ya Vigae

Rafiki yangu Flavia alipanda kwenda kumtafuta Hosea, mdogo wake, alasiri moja ya mwaka 1998 kule Kibosho, hasira zimemjaa hadi kooni. Migomba yake ilikuwa inakauka. Mzungu mmoja alitaka nyumba ya kuwapangishia wapanda mlima, na kwa kuwa sheria haikumruhusu mgeni kumiliki ardhi, Hosea akamwazima jina lake. Nyumba ikajengwa juu ya mfereji wa ukoo, maji yakakatika.

Alimkuta mlangoni mwa nyumba hiyo, ufunguo mkononi.

"Zibua mfereji, Hosea! Umeshauza jina la baba, sasa utuue kwa kiu?"

"Dada, punguza kelele. Ingia kwanza uone vigae vya sakafuni. Hata paroko hana."

Ndani kulikuwa na giza. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na nje ukungu umetanda. Walipofika sebuleni, jembe likaanza kulima chini ya sakafu: pu, pu, pu, polepole, kama mtu anayezibua mfereji.

"Panya hao," alisema Hosea.

Chini kule mtu akakohoa.

"Na panya wako wana kifua?" Flavia alimfokea.

Jembe likasogea, likasogea, likakoma chini ya miguu ya Hosea. Akachomoka mbio. Flavia akamfuata huku akimtukana, mpaka alipomkuta barazani amevua kiatu. Kiatu kilikuwa kikavu, kinang'aa. Lakini soksi ilikuwa imelowa tope jekundu, na juu ya tope, kuzunguka kifundo, zilionekana alama za vidole vitano vilivyokuwa vimemshika.