Mafuta Mekundu Kwenye Klachi

JUMAMOSI, SAA 4:10 ASUBUHI

Mchoro wa kiwanda ulitandazwa juu ya boneti ya pikapu, katika gereji nyuma ya nyumba ya Odell Pruitt, mjini Flint.

"Kesho, saa saba na dakika ishirini mchana," alisema Maxine, dada yake. "Walinzi wawili, macho yote kwenye mpira wa runinga. Tunabeba madini ya fedha ya kulehemia. Dakika sita, tumetoka."

"Na mkokoteni huu?" aliuliza Lonnie, mume wa Maxine. "Pedali ya klachi laini kama uji."

"Ina upepo ndani ya mafuta, shemeji," alisema Odell. "Panda ukanyage."

Odell aliingia uvunguni. Alikwishafungwa mara mbili, na jaji alimwambia wazi: ukirudi hapa, utafia ndani. Kiwanda kile kilimla miaka kumi na tisa, kikamtema kwa barua ya mistari mitatu. Mwaka wa mgomo, wenzake wakiganda kwenye theluji langoni, wasaliti walipenya mlango wa nyuma kwenda kazini. Alidhani anawajua wote.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Alilegeza nati. Mapovu yakatoka kwenye mpira wa mafuta. Akakaza.

"Achia! Usiachie kabla sijakaza, itavuta upepo tena."

"Nimekuwa mtoto wa chekechea?"

Mara kumi na mbili, hadi mapovu yakaisha. Pedali ikawa ngumu.

"Jazia kikopo cha juu," Odell alisema kutoka chini. "Mafuta ya breki tu. Ya usukani, yale mekundu, yakiingia, raba zinavimba, kesho hatuna klachi."

"Najua, bwana."

Alipotoka, aliona doa jekundu kwenye pindo la mkono wa shati la Lonnie. Mafuta ya breki si mekundu. Odell akalipuuza. Shemeji ni shemeji.

JUMAPILI, SAA 7:26 MCHANA

Maxine alitupa gunia la mwisho, akarukia nyuma ya pikapu. Lonnie akaketi kando ya dereva. Odell akakanyaga klachi.

Pedali ikazama hadi sakafuni. Haikurudi.

Odell aliendelea kutazama lango.

"Klachi imekufa!" Lonnie alipiga kelele. "Tumekwisha! Nyoosheni mikono, wasije wakatupiga risasi!"

Ving'ora vililia mtaa wa pili. Vimewahi mno.

"Nani kakwambia ni klachi?" Odell aliuliza taratibu.

Lonnie alisogea hadi mlangoni.

"Mabosi wamekupa nini, shemeji?"

"Usimamizi wa zamu... Odell, nisikilize, walisema wewe tu ndiye utakayefungwa—"

"Lonnie!" Maxine aligonga kioo cha nyuma. "Umesemaje?"

Odell alizima injini. Akatia gia ya kwanza. Akapiga stata. Gari likashtuka kama punda aliyepigwa fimbo, likatambaa, injini ikawaka. Lango likabaki nyuma. Akaongeza moto, akaachia pedali ya mafuta, akasikiliza mlio, akaingiza ya pili bila klachi. Magiaboksi haya aliyaunda kwa mikono yake kiwandani mle.

SAA 7:31

Ya tatu. Ya nne. Taa nyekundu ya barabarani ikapita pembeni. Ving'ora vikafifia.

"Simamisha nishuke!" Lonnie alilia. "Kaka, tafadhali!"

"Nikisimama, siondoki tena kirahisi. Wewe ndiye uliyehakikisha hilo."

Maxine alichungulia kiooni, macho makavu.

"Mfungulie mlango," alisema.

Odell alinyoosha mkono, akaufungua mlango wa Lonnie. Lami ilikuwa inakimbia chini yao.