Kata ya Mama Pétronille

Kila Jumamosi asubuhi Jemima hufagia lupango, yaani ua wa nyumba yao, huko Mudzipela mjini Bunia. Siku hiyo alikuwa bado na ufagio mkononi, wakati Mama Pétronille, jirani yao mzee mwenye asili ya Mahagi-Port, alipomwita kutoka barabarani. Alikuwa ameinamia beseni lake la samaki wakavu. Pikipiki zilikuwa zikipita, na Jemima akaambulia maneno machache tu: "Kitenge... kata... leta!"

Kitenge alikiona kwenye kiti mlangoni kwa jirani, kimepauka kwa uzee. Lakini akikate wapi? Vipande vingapi? Na kwa nini mtu akate nguo nzima? Akafika hadi langoni ili aulize, kisha akarudi. Juzi tu wenzake darasani walimcheka kwa kuuliza-uliza. Basi akachukua mkasi, akakikata katikati.

"Jemima! Nani alipasua kitenge ya mama yangu?" Mama Pétronille alishtuka alipoingia.

 Jemima angeweza kuwasingizia panya. Kila mtu aliwajua kwa kutafuna nguo.

"Ni mimi, Mama. Mulisema kata, nikakata."

"Miye nilisema kitenge ya kata, uilete!" Bibi akaketi, machozi yakimlenga. "Ilibeba mizigo ya mama, ikabeba na yangu."

Jemima akazidi kuchanganyikiwa. Kata gani hubeba mizigo?

Baba yake, mwalimu Ephraïm, alisikia akatoka. Akasokota kipande kimoja kuwa duara, akakiweka kichwani mwa binti yake.

"Kata ndiyo hii, ya kuwekea mzigo kichwani. Mama yako huiita engata, kwa Kinande cha kwao Butembo. Ni neno lile lile la wazee wa kale, wala halina undugu na kukata kwa mkasi. Huko pwani, kata ni kifuu cha nazi cha kuchotea maji. Tanzania, kata ni sehemu ya wilaya."

"Sasa mtu atajuaje, Baba? Nilifika langoni niulize, nikaogopa kuchekwa kama darasani."

Mama Pétronille alipangusa macho. Akasokota kipande cha pili, akajitwika beseni. Likatulia.

"Inatosha," alisema. "Ile ingine ni yako, mwanangu. Kuya tuende soko, unisaidie."

"Umefanya vema kutosingizia mtu," Ephraïm alimwambia binti yake. "Lakini ungesema ukweli mapema, pale langoni: 'Sikuelewa.' Kuuliza si ujinga. Kicheko cha wenzako kitapita kesho. Kitenge kilichokatwa hakirudi kuwa kimoja."