Sema Naam, Mwatum

"We hamali, taratibu! Hayo si matenga ya machungwa!"

Watu wawili walipiga ukelele huo kwa pamoja pale gatini Mkoani, na mikono yao ikagongana juu ya boksi moja. Mmoja alikuwa Mwatum, binti wa Vitongoji, kavaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau. Ofisi yake ya Chake Chake ilimtuma kupokea diski mpya za kompyuta kubwa inayohifadhi majina ya watoto wanaozaliwa kisiwani. Wa pili alikuwa Nizar, fundi kutoka Unguja, shati limekunjamana na uso umempauka kwa kichefuchefu cha meli.

"Boksi langu hili," akasema Nizar.

"Lako tangu lini? Mie ndiye niliyetumwa kulipokea."

"Na mimi ndiye niliyetumwa kulileta."

Mwatum akaangua kicheko. "Haya, Mnguja. Kamata kuno, mie nikamate huku. Na ukitaka kutapika, sogea kwanza."

Jamani, penzi jengine huanza na tusi dogo kama hilo.

Diski mpya hainakiliwi kitu hivi hivi. Huandaliwa kwanza: hukaguliwa isiwe na kasoro, hupewa jina lake, ndipo kumbukumbu za diski ya zamani zihamishiwe humo. Ukikosea ukaiandaa diski yenye vitu, vilivyomo vimekwenda. Kwa hiyo Bi Asma, mkuu wa chumba cha mashine, aliweka masharti yake. Mmoja asome namba ya diski, mwenzake aihakikishe kwenye kabati la diski na aitikie "naam" kwa sauti, ndipo kitufe kibonyezwe. Na simu zote zibaki kwenye kikapu mlangoni.

Basi kutwa ikawa namba na naam. Chumba baridi, Mwatum kavaa sweta juu ya baibui, na harufu ya karafuu zinazoanikwa nje ikimfuata kila akiingia.

"Naam yako hiyo, Mwatum, natamani niirekodi niwe naisikiliza."

"Bonyeza kitufe, Nizar, acha porojo."

Jioni simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Leo Bi Asma kanitoa mapema, sikukuona vizuri."

"Lo! Maneno hayo huko Unguja mnafundishwa skuli?"

Hata mwezi haukuisha, Nizar akamwambia wazee wake watakuja Alkhamisi kuposa.

Siku hiyo Mwatum aliomba ruhusa kazini. Mama yake alipika pilau, udi ukafukizwa, majirani wakajaa uani. Nizar, kwa kuwa muoaji hafuatani na wazee wake, alibaki kazini akikagua diski ya mwisho, ukaguzi mrefu usioachwa peke yake. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Mwatum akapiga simu, ikaita, haikupokewa. Akapiga tena na tena.

"Hao wageni wanakuja kwa miguu?" jirani mmoja akauliza, na wenzake wakacheka.

Mwatum alisikia. Ingekuwa wamepata dharura, aliwaza, Nizar angepiga. Amenichezea, kaniaibisha mie na mama yangu. Magharibi ilipoingia akazima simu, akalia mpaka kanga ikalowa.

Asubuhi yake wakakutana kazini. Macho ya Nizar yalikuwa mekundu.

"Mwatum, nisikilize..."

"Tufanye kazi."

Nizar akasoma namba. Mwatum kimya, kauelekea ukuta. Akasoma tena. Kimya. Nizar akabonyeza.

Mwatum akashtuka, akalitazama kabati. "Nizar! Hiyo ndiyo tuliyokwisha kuijaza!"

Kumbe kwa kukosa usingizi alisoma namba ya diski iliyokwisha kujazwa. Kazi yao yote ya wiki ile ikafutika mbele ya macho yao.

"Umebonyeza bila naam?"

"Umenyamaza. Msichana akiulizwa akanyamaza si ndiyo karidhia?"

"Hiyo ni kwenye posa, si kwenye mashine! Na posa yenyewe iko wapi? Mama kapika, watu wamenicheka, nakupigia hupokei!" Machozi yakamshuka.

Nizar akatoka mbio, akarudi na simu yake kutoka kikapuni. "Tazama. Hizi zako. Hizi za ami yangu, Mzee Hafidh. Meli iliharibika, haikuondoka Unguja. Mimi nimo humu ndani, simu iko mlangoni. Nimetoka usiku umeshaingia, nakupigia, umezima. Mwatum, mimi nakupenda. Nikuchezee wewe?"

Mwatum akaisoma ile simu, kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Na mie nilizima ya nini?" akasema polepole.

Bi Asma alikuwa kasimama mlangoni. "Diski ya zamani ipo?"

"Ipo, Bi Asma. Haijaguswa."

"Basi nakilini upya. Na mkitaka kununiana tena, nunianeni nje."

Wakaanza upya, namba kwa naam.

Jumapili wazee wakafika. Mwatum alikaa chumbani baina ya shangazi zake, pazia limeshushwa. Mjomba wake akasimama nyuma ya pazia akamuuliza: "Mwatum, Nizar anakutaka. Umeridhia?" Desturi ni binti ainamishe kichwa na kunyamaza, wanawake wapige vigelegele. Shangazi wakavuta pumzi, tayari. Huko barazani Mzee Hafidh keshainua mikono kuomba Fatiha.

"Naam!"

Ilifika hadi barazani. Mama yake akajishika kifua. "We mtoto! Haya huna?"

"Ninayo, mama. Lakini yule mtu akinyamaziwa hukosea."

Huko Chake Chake, Nizar, aliyeitwa kazini hata Jumapili kwa ile kazi ya kurudiwa, alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba cha mashine, simu sikioni, maana siku hiyo alimwomba ami yake asiikate. Aliisikia naam hiyo. Akacheka peke yake, akajipangusa macho, akaitia simu kikapuni, akaingia kazini.