Nzuri ya Susu

Siku Susu alipoanguka, Ndindi alikwenda shuleni nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja. Susu, nyanya yake, ndiye aliyekuwa akimsuka kila Jumatatu nje ya mlango wao pale Makadara, Ndindi akiwa ameketi kwenye kigoda. Asubuhi hiyo ya mwaka 1983 Susu aliinuka kidogo kwenda kuteka maji mferejini. Akakanyaga povu la watu waliofua, akateleza, akauangukia mkono. Mfupa ukavunjika juu, karibu na bega.

"Nani amekusuka, fundi viatu?" Aloo, rafiki yake, alimtania. Ndindi hakucheka.

Susu alipasuliwa, mfupa ukafungwa bamba la chuma kwa skurubu. Miezi mitano ikapita na mkono haujafika kichwani. Kila akiuinua alikunja uso, kisha akasema ni baridi tu. Ndindi aliichukia hiyo baridi ya kusingiziwa.

Siku ya kliniki alimsindikiza. Daktari Obura alikuwa na daftari kubwa. Wagonjwa wa mvunjiko huo walikuwa mafungu mawili: waliotiwa waya wa kushikilia mfupa na waliofungwa bamba. Aliwaeleza kuwa alitaka kujua ni tiba gani iliyowafaa zaidi, kwa kuwa wiki hiyo angempasua Kezia, muuza supu wa Soko la Burma, aliyevunjika vivyo hivyo.

"Habari ya mkono, mama?"

"Nzuri, daktari. Tunamshukuru Mungu."

Daktari akaandika bila kuinua macho: *Nzuri*.

Ndindi alisogea mezani. "Si nzuri," alisema.

"Nyamaza," Sista Khavere, muuguzi, akamkemea. "Wakubwa wanazungumza."

"Unaniaibisha," Susu akanong'ona. "Mtu akikujulia hali, utamtupia magonjwa yako?"

"Hakujulii hali, Susu, anaandika. Na Kezia atafungwa bamba kwa hiyo nzuri yako." Ndindi akatoa chanuo kwenye mkoba wa Susu, akamtia mkononi. "Haya, jichane."

Mkono ulipanda hadi kifuani, ukakwama. Jasho likamtoka Susu.

Daktari akafungua kurasa za nyuma. Wa waya, nzuri. Wa bamba, nzuri. Ukurasa mzima, nzuri. Uso ukamshuka.

Picha ya eksirei ya bega la Susu ilionyesha skurubu mbili zimetokeza, zinakwaruza kiungo. Zikatolewa. Wagonjwa wote wakaitwa upya, wakapewa chanuo mmoja mmoja. Kezia alingojeshwa siku chache, kisha akatiwa waya, maana mfupa wake ulivunjika vipande viwili tu, na kwa mvunjiko wa namna hiyo wa waya ndio waliofikisha chanuo kichwani.

"Nzuri ni salamu, mama, si jibu," Daktari Obura alimwambia Susu. "Na kosa ni langu pia. Nilisikia salamu, nikaiandika kama kipimo." Akamgeukia Ndindi. "Adabu inayoficha kweli humuumiza mtu ambaye hata hayupo chumbani. Ukiulizwa, sema ilivyo."

Mkono wa Susu sasa hufika sikioni, haupiti hapo. Kila Jumatatu Ndindi huketi chini sakafuni, si kwenye kigoda, na Susu humsuka pande zote mbili.